Kuchagua shifoni, oganza na neti za pazia la maharusi

Kabla hujashuka Kariakoo kununua kitambaa cha pazia la nyuma ya jukwaa la maharusi, nenda ukumbini.

1. Kagua ukuta. Vitambaa hivi vyepesi havifichi kitu: dirisha, kiyoyozi, rangi ya ukuta, vyote hutokeza pichani. Niliwahi kutundika shifoni nyeupe tupu mbele ya ukuta wa kijani. Kwenye picha ikaonekana kama imeota ukungu, na mama mwenye shughuli hakunificha hasira zake. Siku hizi natanguliza satini nyuma, shifoni mbele, na taa katikati.

2. Chagua aina. Shifoni huanguka laini, inafaa mikunjo mirefu. Oganza inang'aa na imekakamaa kidogo. Ifungie mafundo na maua ya juu. Neti haichanuki nyuzi ukiikata, ila hunasa kwenye kila msumari. Voili, ile ya mapazia mepesi ya madirishani, mara nyingi huuzwa kwa upana wa karibu mita 3, na hapo ndipo utaokoa hela.

3. Ijaribu dukani. Finya kona ndani ya ngumi, hesabu hadi kumi, achia. Ikibaki na makunyanzi, jua utashinda na pasi ya mvuke. Kisha toka nayo nje, mwombe mwenzio awashe tochi ya simu nyuma ya kitambaa, upige picha. Nyeupe nazo hazifanani: moja ina ubuluu, nyingine imeelekea krimu. Ukiweza, nenda na kipande cha kitambaa cha gauni.

4. Piga hesabu. Jukwaa la upana wa mita 4 lizidishe kwa 2.5 ili mikunjo ijae: mita 10. Shifoni ya upana wa mita 1.5 itahitaji vipande 7. Kwa kimo cha mita 3, ongeza sentimita 20 za pindo na njia ya bomba la kutundikia pazia. Kila kipande mita 3.2, jumla mita 22.4. Voili ya mita 3 ilaze, upana wake uwe ndio kimo: mita 10 zinatosha, ila pazia litapungua kimo kwa pindo, basi shusha bomba.

5. Nunua jora moja. Majora mawili ya rangi ileile yanaweza kupishana kidogo, na taa zitakuumbua.

Vingi vya vitambaa hivi ni poliesta: moto ukivigusa huyeyuka na kuwaka. Mishumaa ikae mbali. Na kama ukumbi una feni kubwa, pitisha mnyororo mwembamba kwenye pindo la chini.