Kusokota uzi wa pamba kwa spoku ya baiskeli, jinsi tunavyofundishana shambani Igunga

Naandika hii baada ya kumaliza kumfundisha shangazi yangu wa Nzega, ambaye alikaa na video za yutubu mpaka bando likaisha na uzi hajaupata. Kosa halikuwa lake. Zile video karibu zote ni za manyoya ya kondoo wa Ulaya, unyoya mmoja una sentimita 7 mpaka 10 na wengine zaidi, una mawimbi na vigamba vidogo vidogo vinavyong'ang'aniana, kwa hiyo hata mkono ukiwa mbaya uzi unajishikilia wenyewe. Kondoo wetu huku wana nywele fupi tu kama mbuzi, hamna cha kusokota pale. Tulichonacho Tabora ni pamba, na pamba yetu urefu wake ni sentimita 3 hivi halafu inateleza. Ukiifanyia mambo ya kondoo itakukatikia kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Kwetu tunakaa chini ya mwembe pembeni ya shamba, watu watano sita, kila mtu na mkeka wake. Wakizidi hapo sifundishi, maana hii kazi lazima nikushike mkono.

Hatua ya 1: Pamba

Chuma mwenyewe shambani, umande ukishakauka, kwenye vitumba vilivyofunguka vyenyewe. Chukua pamba safi tu, fifi (ile chafu yenye madoa) iache. Usiende kuomba ile ya kwenye rundo la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, imeshakandamizwa kwenye magunia, na sote tunajua kuna watu wanatia mchanga na maji ili mzani uongezeke, mchanga huo ukiingia kwenye uzi unausikia vidoleni. Kama shamba limepigwa dawa karibuni subiri kwanza.

Kilo moja ya pamba mbegu inakupa kama theluthi ya nyuzi, iliyobaki ni mbegu. Kwa mtu anayeanza hata nusu kilo ni nyingi, utaniambia.

Anika juani mpaka ukiitikisa mbegu zinalia.

Hatua ya 2: Kutoa mbegu

Ubao laini au jiwe bapa, na kipande cha nondo nyembamba ya milimita 6 au 8 kisicho na kutu. Weka punje moja ya pamba kwenye ubao, bana ncha ya nyuzi kwa nondo, halafu isukume kuelekea mbele huku ukikandamiza, kama mtu anayesukuma chapati. Mbegu inachomoka mbele, nyuzi zinabaki nyuma ya chuma. Weka punje moja moja, ukiweka fungu unaponda mbegu, na mbegu ikipondeka mafuta yanaingia kwenye pamba.

Mbegu wape ng'ombe. Kuku usiwape, mbegu za pamba zina sumu ambayo ng'ombe anaimudu tumboni lakini kuku na nguruwe hawaiwezi.

Hatua ya 3: Kupiga upinde

Kuna wanaosema nunua brashi za waya, zile pea mbili za kuchania. Mimi sizitaki. Kwanza Tabora mjini huzipati mpaka uagize, pili zinakata nyuzi za pamba ambazo tayari ni fupi. Tengeneza upinde kwa fito inayopinda vizuri, urefu wa mkono wako, funga mshipi wa kuvulia samaki uliokaza sawasawa. Tandaza pamba kwenye mkeka, sogeza mshipi mpaka uguse juu ya pamba, halafu upige kwa kijiti. Ule mtetemo ndio unaoachanisha nyuzi. Baada ya muda lile fungu lililokuwa limeshikana linakuwa povu, takataka na vipande vya majani vinadondoka chini.

Funga kitambaa puani. Vumbi la pamba linakaa kifuani na kikohozi chake hakina utani.

Hatua ya 4: Vipisi

Chukua povu kidogo, litandaze liwe jembamba, lizungushie kwenye spoku, viringisha mara mbili tatu kwa kiganja, chomoa spoku. Unapata kipisi chenye urefu wa shibiri na unene wa kidole. Kisikaze. Tengeneza vingi kwanza kabla hujaanza kusokota, vipange kwenye kikapu vyote vikielekea upande mmoja.

Hatua ya 5: Kijiti cha kusokotea

Nenda kwa fundi baiskeli umuombe spoku zilizotupwa. Huku kila kijiwe kina fundi baiskeli kwa hiyo usiniambie umekosa. Kata kile kichwa kilichopinda. Ncha moja isuge kwenye jiwe mpaka iwe ya mviringo na laini kabisa, hii ndiyo ya juu. Ncha ya chini ichonge iwe kali kidogo ili izunguke vizuri. Usikunje ndoano juu! Najua wengine wanakunja, sisi tumeacha, povu la pamba linanasa pale kila dakika na unabaki kuchambua ndoano badala ya kusokota.

Uzito: vizibo viwili vya soda, toboa katikati kabisa, vigeuzie midomo itazamane, ndani jaza udongo wa mfinyanzi uache ukauke, pitisha spoku, kaza kwa gundi vidole viwili kutoka ncha ya chini. Jumla isizidi gramu 30. Izungushe kwenye kisosi, ikiyumba tundu halipo katikati, toboa vizibo vingine, ni vya bure.

Na kwa nini kisosi? Kwa sababu kile kijiti cha kuning'inia unachokiona kwenye video za kondoo kinabebwa na uzi wenyewe. Manyoya yanakibeba. Pamba kabla haijapata msokoto wa kutosha haina nguvu ya kubeba chochote, kijiti kinadondoka, unaokota, kinadondoka. Kikikaa kwenye kisosi uzi haubebi kitu.

Hatua ya 6: Kusokota

Hapa ndipo siku nzima inapoishia, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu na wewe usome kwa kirefu.

Kwanza saa. Sio saa ya ukutani, namaanisha wakati wa siku. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wa huku ni mkavu, midomo inapasuka, na pamba kavu sana inasimama nywele, inakataa kushikana, inakatika hovyo. Pamba ikiwa na unyevu kidogo inakuwa na nguvu zaidi kuliko ikiwa kavu. Kwa hiyo tunaanza alfajiri, watu wanafika wanasalimiana mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, huku bado wamejifunika khanga, na jua likishapanda tunaacha kusokota tunahamia kutoa mbegu, maana mbegu zenyewe zinataka ukavu. Kama huna namna, lazima usokote mchana, ingia ndani, vifunike vipisi kwa khanga uliyoikamua vizuri sana, na weka kitambaa chenye unyevu mapajani. Usiloweshe kipisi chenyewe. Kikilowa kinashikana kama uji na hutakivuta tena. Mwenye vidole vya jasho apake majivu kidogo, yaliyochekechwa.

Sasa mkono. Funga uzi wa dukani wa urefu wa mkono juu ya vizibo, uzungushe kwenye spoku ukipanda mpaka karibu na ncha. Mwisho wa uzi huo utawanye, uweke juu ya kipisi, vipishane kama sentimita 3. Mkono wa kulia unazungusha spoku kwa gumba na kidole cha shahada, kufuata mwendo wa saa, kila wakati mwendo huohuo, ukibadilisha unafungua ulichosokota. Mkono wa kushoto umeshika kipisi.

Na hapa ndipo penyewe: pembe. Uzi ukitoka kwenye ncha ya spoku kwa kuinuka, yaani unaelekea juu na pembeni, kila mzunguko uzi unateleza kwenye ncha, unasikia tik, tik, tik, na kila tik ni msokoto mmoja umeingia. Ukiushusha uzi ukae mraba na spoku, hauingii msokoto tena, unajizungushia kwenye spoku. Kwa hiyo pembe ya kuinuka ni ya kusokota, pembe mraba ni ya kukunja. Watu wengi wanaoniambia "uzi wangu unaisha nguvu" ukiwatazama wameshika mraba muda wote, spoku inazunguka kama kichaa na msokoto hakuna. Kama hausikii ile tik usivute pamba. Acha kila kitu, inua mkono wa kushoto, isikilize kwanza.

Ukishaisikia, anza kuvuta. Usivute kwa vidole vya kulia, hivyo kazi yake ni kuzungusha tu. Rudisha mkono wa kushoto nyuma polepole, kipisi kinajiachia chenyewe. Shangazi alikuwa anakibana.

"Shangazi, legeza mkono."

"Mwanangu nikilegeza si kitadondoka?"

"Kitadondokea wapi shangazi, kimekaa kwenye kisosi."

Alilegeza, uzi ukatoka wenyewe urefu wa mkono mzima, akashtuka akauachia. Sawa tu, ulikuwa uzi.

Kinachotokea ni hivi: msokoto unakimbilia palipo pembamba, palipo panene unapaacha. Kwa hiyo uzi ukitoka una manundu usiogope wala usikate. Vuta kidogo zaidi, pembamba pameshakaza hapavutiki, nundu bado ni laini ndilo linalovutika, linanyooka lenyewe. Halafu ongeza msokoto. Halafu ongeza tena. Pamba inataka msokoto mwingi kuliko unavyodhani, na hili ndilo nalolirudia mpaka watu wananichoka. Ukifikiri unatosha, zungusha tena mara mbili. Pima hivi: legeza uzi kidogo uone kama unajikunja wenyewe kwa haraka na kujisokotea. Ukilala tu kama kamba iliyochoka, bado. Ukijifunga vifundo vigumu na hauvutiki hata kidogo umezidisha, zungusha kinyume kidogo uendelee.

Namna unavyokatika pia inakuambia kitu. Ukiachana taratibu, nyuzi zikateleza kutoka kwa wenzake, msokoto mdogo. Ukikatika ghafla palepale kwenye ncha ya spoku, ncha ina makwaruzo, rudi kwenye jiwe uisuge. Ukikatika kwenye kipisi, kipisi kimekazwa au umekibana.

Kuunga: tawanya ncha ya uzi, tawanya kipisi, vilaze juu ya kila kimoja sentimita 3, shika kwa wepesi, ingiza msokoto, vuta. Usifunge fundo. Narudia, usifunge fundo, fundo litakuumbua kwenye kufuma.

Kunja uzi uliosokotwa chini karibu na vizibo, kwa umbo la koni, bakiza wa kufika ncha, endelea. Spoku ikiwa nzito inaanza kuchelewa, hapo ndipo pa kuhamishia uzi kwenye kipande cha bua la mtama.

Hatua ya 7: Kuunganisha nyuzi mbili

Mabua mawili, ncha mbili pamoja, zungusha spoku kinyume na mwanzo. Ni rahisi. Uzi mmoja peke yake utapinda kila utakachofuma, mbili zinatulizana.

Hatua ya 8: Kuchemsha

Kunja uzi kwenye kiwiko na kiganja uwe kitanzi kikubwa, ufunge sehemu nne kwa kulegeza. Sufuria, maji mengi, magadi kijiko kimoja kikubwa kwa lita 3 hivi na sabuni kidogo, chemsha saa moja. Maji yatageuka rangi ya chai hata kama pamba yako ilikuwa nyeupe kabisa, usishtuke, ni nta ya pamba na uchafu mwingine vinatoka, na kama havikutoka uzi haunywi maji wala rangi. Suuza, tundika, ning'iniza kitu chepesi chini mpaka ukauke.

Rangi sitaingia sana. Gome la mti wa mtundu lililodondoka likichemshwa linatoa kahawia, ukitia misumari yenye kutu kwenye maji hayohayo inageuka kijivu kinachokaribia weusi. Maganda ya vitunguu na shabu yanatoa njano ya kuchoma. Gome usibandue kwenye mti uliosimama, wenye mizinga ya nyuki watakufuata.

Uzi wa kwanza utakuwa mnene na wa manundu, huo fumia kwa kroshe vitambaa vya kushikia sufuria au ufanye utambi wa koroboi. Ukitaka wa kufumia kofia endelea na spoku mpaka nyuzi mbili zikiungana zipite kwenye tundu la sindano ya gunia bila kusukumwa.

Hifadhi pamba na uzi kwenye ndoo yenye mfuniko, maana panya wanapenda kuzalia kwenye pamba. Tunakutana tena pamba ikianza kufunguka Mei. Anayekuja aje na kisosi chake, na kiwe cha udongo au bati, cha plastiki spoku inakitoboa.