Mgonjwa akisema "nina aleji ya penisilini", muulize haya kabla hujaandika kwenye faili

Manesi wenzangu, hasa mnaoanza kazi wodini sasa hivi, tuongee kuhusu lile andiko la kalamu nyekundu juu ya faili, "ALEJI: PENISILINI", halafu basi, hakuna aliyeandika ilitokea nini. Likishaingia hapo halitoki, linamfuata mgonjwa miaka nenda rudi na kila daktari akiliona anakimbilia dawa nyingine, mara nyingi ya bei zaidi au isiyofanya kazi vizuri kama penisilini yenyewe. Mama mjamzito mwenye kaswende kwa mfano, penisilini ndo dawa yake, hakuna nyingine ya kuaminika ya kumtibu mtoto aliye tumboni. Huko Marekani karibu mtu 1 kati ya 10 ana lebo hiyo, ila wakipimwa vizuri zaidi ya 9 kati ya 10 wanaonekana dawa wanaiweza. Lakini huyo mmoja anayebaki anaweza kufa mikononi mwako ndani ya dakika chache, kwa hiyo hapa hatubahatishi, tunauliza.

Na usiulize tu "una aleji?" ukaishia hapo, maana kwa watu wengi aleji ni kitu chochote kibaya kilichotokea baada ya dawa.

"Shikamoo bibi. Umesema sindano ya penisilini huiwezi?"
"Marahaba. Ilinishinda mwanangu, ilinishinda kabisa."
"Ilikushindaje bibi? Ulivimba, uliwashwa, au pumzi ilikata?"
"Nilitapika usiku kucha."

Kutapika peke yake, kuharisha, tumbo kuuma, hayo kwa kawaida ni maudhi ya dawa, yaandike hivyo hivyo kama alivyosema, usiyaite aleji.

Kisha uliza ni dawa gani hasa, na hapa uwe mvumilivu kwa sababu majina yanachanganya sana. Amoksilini, Ampiclox, Augmentin, PPF, zote ni ukoo mmoja wa penisilini na mgonjwa hajui. Anaweza kukuambia ana aleji ya penisilini kumbe mwezi uliopita alinunua Ampiclox duka la dawa akameza akamaliza na hakupata kitu, hiyo habari ni dhahabu, iandike na umwambie daktari. Na kinyume chake pia kipo, anasema hana aleji yoyote ila "zile kapsuli za rangi mbili zilinivimbisha midomo", kumbe huenda ni za ukoo huo huo.

Uliza ilianza baada ya muda gani. Ndani ya saa 1, na mabaka yaliyovimba yanayowasha kama mtu kaguswa na upupu, midomo kuvimba, kifua kubana, kuzimia, hiyo ni ya hatari na dawa haitolewi mpaka daktari aamue. Vipele vidogo visivyouma vilivyotokea siku ya tano na vikaisha vyenyewe ni habari nyingine. Ila ngozi kubabuka, malengelenge, vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri, huyo harudishiwi dawa hiyo tena, hata robo kidonge, hata kwa kujaribu. Kwetu hii tunaiona zaidi kwenye dawa za salfa kama Septrin, na wenzetu wanaoishi na VVU wako kwenye hatari kubwa zaidi, kwa hiyo mtu akisema "salfa" naomba usimpite haraka.

Uliza pia ilikuwa mwaka gani na alitibiwaje, alilazwa au iliisha yenyewe. Wengi waliokuwa na aleji ya kweli inapotea, baada ya miaka 10 karibu 8 kati ya 10 hawanayo tena. Lakini kuamua kwamba imepotea sio kazi yako wala yangu peke yetu, wewe peleka historia nzima kwa daktari. Mambo ya kumchoma mtu tone la dawa chini ya ngozi, imechanganywa tu hapo wodini, halafu unasema "hajavimba, yuko salama", mimi siyakubali, hayana uhakika na yenyewe yanaweza kumwangusha.

Kuna vinavyofanana na aleji pia. Vankomaisini, antibiotiki nyingine isiyo ya ukoo wa penisilini, ikikimbizwa kwenye dripu mgonjwa anakuwa mwekundu shingoni na kuwashwa, simamisha, mwite daktari, na ikirudishwa iende taratibu, dozi ya gramu 1 isipungue dakika 60. Homa na kutetemeka masaa machache baada ya sindano ya kaswende mara nyingi ni vijidudu vinavyokufa.

Kabla ya dozi ya kwanza ya sindano hakikisha adrenalini iko karibu, sio kabatini kwenye ofisi ya sista inchaji na ufunguo kaondoka nao. Pumzi ikibana au presha ikishuka, simamisha dawa ila kanula (kile kimrija cha dripu kwenye mshipa) usiitoe, ita msaada, mlaze miguu juu (akishindwa kupumua mwache akae), mchome adrenalini ya 1 kwa 1000, nusu mililita kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje, oksijeni, dripu ya maji, na kama hajapata nafuu rudia baada ya dakika 5. Usianze na haidrokotisoni au Piriton ukisubiri, hizo zinakuja baadaye. Akitulia aendelee kuangaliwa kwa masaa kadhaa maana inaweza kurudi.

Sasa kuandika: "Amoksilini vidonge, 2019, dakika 20 baada ya dozi ya kwanza, midomo kuvimba na kifua kubana, alichomwa adrenalini, alilazwa." Mstari mmoja tu, na daktari wa usiku asiyemjua mgonjwa anaelewa kila kitu. Andika hivyo hivyo kwenye daftari lake la kliniki kwa Kiswahili, pamoja na majina ya dawa atakayoyakuta duka la dawa, na msomee ndugu anayemuuguza kabla hawajaruhusiwa kwenda nyumbani.