Kazi zikikauka: namna mwashi anavyoweza kuvuka

Dalili ya kwanza haitoki redioni, inatoka duka la vifaa vya ujenzi. Ukiona mtu aliyezoea kubeba nondo kwa gari sasa anahesabu moja moja, na simenti inaanza kuulizwa kwa kilo, jua hali imegeuka. Ya pili ni matofali. Hapa Tanga mjini napita na baiskeli kutoka Makorora kwenda Kange karibu kila siku, na viwanja vya njiani navijua kama mfuko wa shati langu. Matofali yakikaa masika yote mpaka yakaota ukungu wa kijani, na rundo la mchanga likawa choo cha paka, mwenye kiwanja kakwama. Ya tatu ni simu: "Fundi, tutaonana mwezi ujao, inshallah."

Kwetu Tanga watu wengi hawajengi kwa mkopo wa benki, wanajenga kwa kinachobaki. Ada ikilipwa, mgonjwa akitibiwa, kilichobaki ndicho kinachonunua simenti. Uchumi ukiyumba, kinachobaki ndicho kinachokwisha kwanza, na fundi anakwisha nacho. Marehemu baba alikuwa mkata mkonge. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000, kisha kamba za nailoni zikaja zikavunja bei, naye alikuwa akituonyesha kuta za huko mashambani zilizoishia usawa wa dirisha tangu enzi hizo. Mimi mwenyewe nimepita 2016 na 2017, vyuma vilipokaza, nikapita korona, nikapita 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha mafuta na chuma. Ninayoyaandika nimeyafanya, na mengine nimejifunza kwa kuumia.

Punguza kazi, bei iache

Kijiweni asubuhi mmoja anataja elfu ishirini na tano kwa siku, wa pili ishirini, wa tatu kumi na tano, na mteja anasimama tu kama yuko mnadani. Ukishashuka hivyo, hata hali ikitengemaa mteja yule yule hatakupandisha. Atakukumbusha: "Si ulinifanyia kwa kumi na tano?"

Mteja akija na laki nane na kazi inataka milioni tatu, usimfukuze, na usimdanganye kwamba itatosha. Mkatie kipande cha laki nane. Lakini kipande chenyewe lazima kiishie mahali ambapo jengo linaweza kusubiri, na hapa ndipo ufundi unapoonekana. Msingi usiuache mtaro wazi, ujaze kifusi na ushindilie, ikiwezekana mpaka jamvi, ile sakafu ya zege. Boma, yaani kuta kabla ya paa, ukilianza, jipange lifike kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kwa sababu kuta zisizofungwa juu zinakunywa maji na hazina kinachozishika pamoja. Kama pesa haifiki lenta, bora kusubiri msimu mwingine kuliko kuacha kuta ndefu zikicheza na upepo.

Nondo za nguzo zinazobaki zikichungulia angani ndizo zinazonisumbua zaidi. Huu ni mji wa pwani. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi haijui kama una pesa au huna. Nimeona Sahare nondo za milimita 12 ambazo baada ya miaka michache zinabanduka maganda kama muhogo uliochemshwa, na fundi aliyekuja baadaye kazifunga hivyo hivyo. Kabla hujaondoka site, zipake uji mzito wa simenti, au zimwagie zege hafifu utakayoivunja siku ya kuendelea. Nusu mfuko unatosha, nami hiyo nusu naiandika kabisa kwenye hesabu ya mteja tangu siku ya kwanza.

Simenti iliyobaki usiiache stoo ya mteja "mpaka tukirudi". Ikipita miezi mitatu nguvu imeshapungua, na kwa unyevu wetu inaweza kuganda kabla ya hapo. Kama lazima ikae, ikae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Hela za watu

Hapa nitakaa kidogo, maana njaa haijanivunja mimi, hesabu ndizo zilizonivunja.

Mwaka 2020 nilichukua kazi nzima, vifaa na ufundi, ya vyumba viwili na veranda. Nilihesabu simenti mifuko 90 kwa 14,000. Nikanunua 30 ya kuanzia. Mwishoni mwa mwaka ule simenti ikapanda ghafla nchi nzima. Watu wanadhani sisi wenye kiwanda Pongwe tunapata ya bure, wapi! Mifuko 60 iliyobaki niliinunua kwa 19,000. Shilingi 5,000 mara 60 ni laki tatu, na ufundi wangu wote pale ulikuwa laki nne. Ningekwenda kwa mwenye nyumba siku ile ile nikamwambia ukweli, tungezungumza. Niliona haya.

Nikafanya wanayofanya mafundi wengi wakibanwa. Mama mmoja wa Mikanjuni alikuwa amenipa laki mbili na nusu ya choo. Nikaichukua nikamalizia veranda. Ili nianze choo, nikangoja malipo ya mtu wa tatu. Wa tatu akaniambia mwezi ujao. Mama wa watu akapiga simu mara nne kwa siku, mimi naangalia jina linawaka, naweka simu chini ya mto. Mwisho akaja na mjumbe. Nilimjengea choo chake kwa siku tisa bila posho, na saidia fundi nilimlipa kwa pesa niliyokopa kwa shemeji.

Tangu hapo, ukiwa msimu wa bei kuyumba, nafanya hivi. Kazi nachukua ufundi tu. Vifaa mteja anavilipia mwenyewe, anatuma kwenye lipa namba ya duka, mimi napokea mzigo na risiti inabaki kwake. Unapoteza ile faida ndogo ya kwenye vifaa, ndiyo, lakini bei ikipanda haipandi kichwani kwako. Mteja akikataa, akitaka kazi nzima, karatasi inaandikwa bei ya kila kifaa kwa tarehe ile, na mstari mmoja unaosema bei ya dukani ikibadilika tutakaa tena kabla ya kununua. Tunasaini mbele ya mtu. Ufundi nalipwa kwa hatua: nikifika jamvi, nikifika madirisha, nikifika lenta. Na kila mteja ana daftari lake. Nasema daftari, siyo ukurasa. Ukurasa wa jirani una vishawishi.

Mikopo ya kausha damu usiiguse. Mkopo wa kurejesha kila siku ni wa mtu anayeuza kila siku, kama muuza samaki, na hata yeye unamchosha. Fundi unalipwa ukifika lenta. Hilo rejesho la kesho asubuhi utalitoa wapi? Kibati, yaani mchezo wa kuchangishana na kupokezana, cha mafundi sita tunaojuana kimenitoa mara nyingi zaidi.

Nyumba mpya zikisimama, za zamani zinaendelea kuvuja

Aliyekwama kujenga anabaki alipo, na alipo panabomoka. Kwa hiyo mwezi wa Januari na Februari, kabla ya masika, sitafuti maboma. Nazunguka barabara za Ngamiani natafuta kutu. Misumari ya bati iliyolegea, mifereji iliyojaa majani, ukuta uliochanika juu ya mlango, shimo la choo lililotitia. Kazi hizi ni za siku moja au mbili, zinalipwa siku hiyo hiyo, na mwashi anayejiona mkubwa anazidharau. Nami nilizidharau.

Nyumba za zamani zinataka heshima kidogo. Ile ya mawe na chokaa ukiipiga lipu ya simenti kali, unyevu unafungiwa ndani, na baada ya muda lipu inabanduka vipande vizima na kuondoka na ukuta. Rudisha chokaa. Ya miti na udongo vivyo hivyo, irudishie udongo, kisha chokaa juu. Wazee wanaojua kuloweka chokaa bado wapo, waendee na shikamoo na pakiti ya sukari. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja wa Chumbageni, na kwa kazi hiyo sijapata washindani wengi.

Kazi za serikali nazo husaidia wakati wengine wamekwama. Mwishoni mwa 2021, fedha za UVIKO-19 zilipojenga madarasa 15,000 nchi nzima, mafundi wengi wa mitaani walipata kazi kwa utaratibu wa force akaunti: shule inanunua vifaa, fundi analipwa ufundi. Mimi nilipata darasa moja la kupiga lipu. Malipo yanaweza kuchelewa, kwa hiyo usiingie ukiwa huna akiba ya kula wala posho ya vijana. Na utaulizwa cheti. Kama umejifunzia mtaani kama mimi, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: wanakupima unachojua, wanakuziba mapengo, wanakupa cheti. Nenda wakati huna kazi, maana ukiwa na kazi hutaenda.

Vijana wako usiwatawanye wote. Nilikuwa na wanne. Nikawaambia kazi ni ya wawili, gaweni siku. Watatu kati yao baadaye wakaunda kikundi na vijana wenzao wakaomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, hauna riba. Wakanunua mashine ya matofali. Mzee kama mimi simo kwenye hesabu hiyo, lakini matofali yao nayapata kwa bei ya baba. Vyombo vya kazi usiuze hata kimoja. Niliwahi kuuza pikipiki, nikarudi kwenye baiskeli, na Tanga hakuna anayekucheka kwa baiskeli. Pima maji na timazi ukiuza, kesho ukiitwa utaenda na nini?

Mwisho ni simu. Fungua madaftari ya zamani, wapigie wote uliowajengea, watano kwa siku. Usiulize kama kuna kazi, maana jibu unalijua. Msalimie, muulize watoto, kisha muulize masika iliyopita nyumba ilivuja upande gani.