Buibui wenye sumu nyumbani: wa kumwogopa, na mahali pa kusafisha

Karibu buibui wote wana sumu, kwani ndiyo wanayolemazia nzi na mende kabla ya kuwala. Wanaoweza kumdhuru binadamu ni wachache mno. Kinachonisumbua mimi ni mkulima anayeona buibui mkubwa ukutani, akachukua bomba lile lile alilopulizia nyanya asubuhi na kuligeuzia chumba wanacholala watoto. Hapo hatari kubwa ni ile dawa, maana watoto wataivuta usiku kucha.

Basi tuanze na yule anayestahili tahadhari zaidi katika maboma yetu. Kitaalamu anaitwa Latrodectus geometricus. Ana rangi ya kahawia au kijivu, miguu yenye pingili nyeusi na nyeupe, na tumbo la mviringo. Mwili wake wote hauzidi sentimita moja na nusu. Mpindue utaona chini ya tumbo alama ya rangi ya machungwa, kama pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha. Lakini huna haja ya kumpindua, kwa sababu mayai yake yanamtambulisha. Chukua ndoo ya zamani iliyokaa nyuma ya banda, igeuze taratibu, angalia chini ya ukingo. Utando wake hauna mpangilio, nyuzi zimekwenda ovyo na ni ngumu, ukizikata unasikia zinavyokatika. Katikati yake kumening'inia vifuko vyeupe au vya manjano hafifu, kila kimoja ukubwa wa sentimita moja hivi, vimejaa vijimiba pande zote kama tunda la mbigili. Kifuko kimoja kinaweza kubeba mayai zaidi ya 100, na kwenye joto letu huanguliwa kwa wiki tatu hivi. Buibui huyu si mkali. Akiguswa hujikunja na kujiangusha. Huuma anapobanwa: mtu anashika ukingo wa ndoo bila kuangalia, au anavaa gambuti lililokaa stoo tangu masika yaliyopita.

Wa pili ni Loxosceles, buibui wa kahawia asiye na madoadoa, mwenye miguu mirefu myembamba. Wenzake wengi wana macho manane, yeye ana sita, yamepangwa mawili mawili. Hupenda giza na ukavu: maboksi, nguo zilizorundikwa pembeni, nyuma ya kabati. Sumu yake inaweza kuua nyama polepole pale alipouma. Yupo pia Cheiracanthium, wa rangi ya majani makavu na mdomo mweusi. Huyu huishi shambani ndani ya majani aliyoyakunja, kisha huingia ndani na kujificha kwenye mapazia. Hutembea usiku, na ndiyo maana huuma watu waliolala.

Wengine waache. Yule bapa anayeteleza ukutani kwa kasi ya kutisha hana madhara na anakula mende. Wale wenye miguu mirefu kama nyuzi kwenye pembe za dari hawana neno. Buibui wakubwa wenye manyoya waishio mashimoni, kama Pterinochilus murinus wa rangi ya machungwa anayejulikana sana kutoka Usambara, huuma kwa maumivu makali, ila hawaingii ndani kukutafuta. Usichokoe mashimo yao na uwakataze watoto wasichokoe. Na kwa walio kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, kuna buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora, anayependelea kula mbu jike aliyeshiba damu, akiwemo mbu aenezaye malaria. Kumpulizia dawa huyo ni kujikosesha msaada wa bure.

Kuna jambo moja linapotosha watu wengi. Mtu akiamka na malengelenge yenye mstari shingoni, utasikia buibui kamkojolea. Mara nyingi huyo ni Nairobi fly, mdudu mwembamba mwenye mistari myeusi na myekundu, ambaye haumi wala hakojoi. Maji ya mwili wake huunguza ngozi akipondwa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta wingi wao nchini Kenya. Mpeperushe kwa pumzi, usimponde, kisha osha kwa sabuni.

Sasa kazi yenyewe. Dawa kubwa ya buibui ni kuondoa maficho na chakula chake. Matairi mabovu, vipande vya mabati, matofali yaliyobaki na madumu yaliyotoboka visikae karibu na ukuta. Kama huvihitaji viondoe kabisa. Kuni ziwekwe juu ya fito, mbali na nyumba, na ukienda kuzichukua tumia tochi na glavu. Ghalani, panga magunia juu ya chaga na uache nafasi ya nusu mita kutoka ukutani ili ufagio upite nyuma. Wengi wanayaegemeza ukutani kuokoa nafasi, halafu msimu mzima hakuna anayejua kilichopo nyuma. Gunia tupu likung'ute nje kabla ya kuingiza mkono.

Kila baada ya wiki mbili, yaani kabla mayai hayajaanguliwa, pita na ufagio mrefu: chini ya vitanda na viti, nyuma ya mlango wa choo, chini ya viota vya kuku, kwenye pembe za banda la mbuzi. Kuondoa utando na kuacha vifuko ni kazi bure. Viponde kwa kijiti au vitupe motoni. Ziba nyufa za ukuta kwa udongo au saruji, weka wavu dirishani. Taa nyeupe ya nje huvuta wadudu, na wadudu huvuta buibui. Ya manjano huvuta wachache, na iliyozimwa ni bora zaidi. Mjusi kafiri na kuku wanakusaidia, waache wafanye kazi. Nyuma ya kabati weka karatasi ya gundi ile ya kunasia panya.

Kuhusu dawa, buibui hukanyaga kwa ncha za miguu tu na muda mwingi yuko juu ya nyuzi zake, kwa hiyo dawa iliyokauka ukutani haimpati vizuri. Ukilazimika, tumia dawa iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani, kama za pareto, umpulizie yeye mwenyewe. Viuatilifu vya shambani visivuke mlango wa nyumba kwa sababu yoyote.

Mtu akiumwa, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, mpe parasetamoli. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usimwagie mafuta ya taa wala maji ya betri, na jiwe jeusi la nyoka liache. Kwa kawaida maumivu huisha yenyewe. Ila nenda kituo cha afya bila kusubiri ikiwa maumivu yanapanda hadi kwapani au kwenye kinena, tumbo linakaza, jasho linatoka sana, pumzi inabana, au kidonda kinageuka cheusi. Mtoto mdogo, mzee na mjamzito waende mapema hata kama wanaona nafuu. Kama umemuua buibui mtie kwenye chupa umpeleke, hata akiwa amepondeka, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.