Lupopo ikicheza Kolwezi: jinsi ya kupanga safari ya wikendi kutoka Lubumbashi

Lupopo, klabu yetu ya soka ya Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ikicheza ugenini Kolwezi, kwenda kila mtu anajua. Unapanda gari, unaimba mpaka sauti inakauka, unafika. Kazi iko kwenye kurudi: mechi imekwisha jioni, giza linaingia, dereva amechoka, watu wawili hawaonekani, na barabara imejaa maroli ya migodi. Ndiyo maana mimi hupanga safari kuanzia mwisho. Kwanza tunarudi lini na kwa gari gani, halafu mengine yanafuata.

Maelezo haya ni ya kundi dogo, watu watano hadi kumi na wanne, Hiace moja. Kama unasafiri na basi kubwa la kamati ya mashabiki, wakubwa wameshapanga mengi. Wewe lipa, keti, na usome sehemu ya pesa na ya uwanjani.

Hatua ya 1: Hakikisha mechi ipo

Ratiba ya Linafoot, ligi kuu ya Kongo, huaminiwa kwa tahadhari. Nchi ni kubwa, timu nyingi husafiri kwa ndege, na ndege ikikosekana mechi inasogea. Klabu ikiwa na mechi ya Afrika, inasogea tena. Kwa hiyo usilipe chochote kisichorudishwa kabla hujajua mambo matatu: siku, saa, na kama mashabiki wanaruhusiwa kuingia. Hili la tatu watu hulisahau. Timu ya nyumbani ikiwa imeadhibiwa, mechi huchezwa milango imefungwa, na wewe utakuwa umesafiri kilomita 300 kusikiliza redio nje ya ukuta.

Kuhusu saa, uliza ni saa ya wapi. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, na matangazo mengi hutoka huko. Mechi ya 14:30 ya Kinshasa ni 15:30 ya Lubumbashi na Kolwezi. Ukikosea hapo, unaingia uwanjani wakati wa mapumziko.

Soma tangazo la klabu yenyewe, kisha mpigie simu mtu anayeishi Kolwezi. Shemeji anayepita mbele ya uwanja kila siku anajua kuliko kundi zima la WhatsApp. Angalia pia mnacheza na nani: AS Simba na Blessing zote ni za Kolwezi, na nimeona watu wakibishana njia nzima kuhusu mshambuliaji ambaye hata hachezi timu wanayokwenda kukutana nayo.

Hatua ya 2: Amua siku ya kurudi

Piga hesabu. Mechi inaanza 15:30. Dakika 90, mapumziko 15, muda wa nyongeza, halafu kutoka uwanjani na kutafutana: imeshapita 17:30. Kwetu jua huzama karibu na saa 18:00, mbele au nyuma kidogo kufuata majira. Maana yake barabara yote ya kurudi itakuwa gizani.

Msifanye hivyo. Barabara ina lami, lakini usiku si ile ya mchana. Roli likiharibika dereva wake hukata matawi ya mti na kuyalaza barabarani yawe alama, na hiyo ndiyo taa pekee utakayopata. Ukikaribia miji kuna baiskeli zilizobeba magunia ya makala (makaa), mtu anasukuma, hana hata kiakisi. Yapo pia maroli ya tindikali ya viwandani, na hayo hata mchana mimi hupenda tukae nayo mbali.

Kwa hiyo mechi ya Jumamosi, mnarudi Jumapili. Mechi ya Jumapili, mnarudi Jumatatu alfajiri, na Jumatatu hiyo lazima iombewe ruhusa kazini mapema, si kwa ujumbe wa usiku. Mwambieni kila mtu kabla hajatoa hata franka moja. Anayesema "tutaona huko huko" ndiye atakayemsukuma dereva aondoke usiku kwa sababu bosi wake anamngoja. Mtu huyo abaki nyumbani, hata kama ndiye mwenye ngoma.

Kama kulala haiwezekani kabisa, ngojeni mechi ya Likasi. US Panda, timu ya huko, wako kilomita kama 120 tu, na safari ya siku moja inawezekana mkitoka uwanjani bila kuzubaa.

Hatua ya 3: Gari na dereva

Kabla hujauliza: reli ipo, inapita Likasi na Tenke hadi Kolwezi, lakini si ya mtu mwenye siku mbili. Ndiyo, Lupopo, klabu ya watu wa reli, inafuatwa kwa barabara. Mashabiki wa Mazembe, wapinzani wetu wa Lubumbashi, wameshatucheka vya kutosha kwa hilo.

Mabasi ya kila siku yapo na ni nafuu kwa mtu mmoja au wawili. Mkifika watano, kodini gari, kwa sababu basi halitawangoja na halitasimama mnapotaka.

Tafuta dereva anayeifanya njia ya Kolwezi kila wiki. Dereva mzuri wa mjini hatoshi. Siku moja kabla ya safari, nenda mwenyewe ukaangalie gari. Mazungumzo huwa hivi:

"Papa, kesho tunatoka mapema. Naomba nione tairi ya akiba."

"Mwanangu, tairi iko. Leo hunijui?"

"Wewe nakujua, Papa. Tairi ndiyo siijui."

Atacheka, atafungua nyuma. Usitosheke na kuiona. Mwombe aishushe chini, aiminye mbele yako, atoe jeki, na ajaribishe spana kwenye nati za gurudumu. Utashangaa ni magari mangapi yana spana ya gari lingine. Kisha taa, wiper kama ni kati ya mwezi wa kumi na moja na wa nne, kizima moto, pembetatu ya onyo. Mwisho karatasi: leseni, bima, kontroli tekniki (cheti cha ukaguzi wa gari). Watu wa rulaji (polisi wa barabarani) wataziuliza, na karatasi moja ikikosekana mtapoteza nusu saa na pesa za soda.

Jambo moja la kwetu Katanga: magari mengi usukani uko kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva akiwa nyuma ya roli haoni mbele kabisa. Anayeketi mbele kushoto ndiye jicho lake. Kiti hicho apewe mtu asiyelala, asiyekunywa, na anayejua kusema "ngoja" kwa sauti. Mimi humtaja mtu huyo kwa jina kabla ya kuondoka, na habadilishani na mtu.

Malipo: nusu kabla ya kuondoka, nusu mkishafika Lubumbashi. Mafuta yahesabiwe kando, na peaje (ushuru wa barabara) pia. Ukimlipa dereva yote mwanzoni, asubuhi ya kurudi anaweza kuwa ameshapata abiria wengine. Mwandikiane kwenye ujumbe wa simu: siku, saa, kiasi, na atalala Kolwezi kwa gharama ya nani.

Hatua ya 4: Pesa

Mteueni mweka hazina mmoja, na asiwe yuleyule anayeshika likelemba (mchango wa kupokezana) ya mtaa, ili mifuko isichanganyike. Michango ipitie simu, Airtel Money, Orange Money au M-Pesa, ili kila malipo yaache alama. Weka siku ya mwisho, tuseme Alhamisi. Asiyelipa siku hiyo hana kiti, awe ndugu au rafiki.

Hesabuni usafiri, kulala, chakula na tiketi, kisha ongezeni angalau sehemu moja ya tano juu yake. Hiyo ni akiba ya usiku mmoja zaidi kama gari likigoma. Haiguswi kwa bia.

Bebeni dola safi. Noti iliyochanika hata kwenye kona inakataliwa, na noti ya dola 1 wengi hawaitaki. Franka ziwe za kutosha kwa vitu vidogo: maji, choo, pikipiki, michopo (nyama ya kuchoma) ya njiani.

Hatua ya 5: Kulala

Kolwezi ni mji wa migodi. Vyumba vingi vimezoea wateja wa makampuni, kwa hiyo bei husemwa kwa dola na vya bei ya chini hujaa haraka. Mkishathibitisha mechi, pigeni simu siku hiyohiyo. Uliza Mama wa nyumba ya wageni mambo manne: vyumba vingapi, maji yapo, gari linalala ndani ya ua, na lango hufungwa saa ngapi. Hilo la ua ni muhimu kuliko televisheni.

Wengi wetu tuna ndugu kule. Ukifikia kwa ndugu, usifike na watu saba bila kusema, na usifike mikono mitupu. Mfuko wa unga wa bukari (ugali) unakaribishwa kuliko maneno matamu. Na mpigie tena simu Ijumaa jioni, maana mama mwenye nyumba ndiye atakayetafuta magodoro.

Hatua ya 6: Mizigo

Kadi ya mpiga kura, ndiyo kitambulisho chetu, sio picha yake kwenye simu. Jezi, na koti la kuivaa juu. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Kolwezi ni baridi kweli, mji uko juu zaidi ya mita 1,400. Dawa zako, kitambaa cha vumbi, pawabanki. Namba za wenzako ziandike kwenye karatasi.

Hatua ya 7: Njiani

Tokeni mapema, jua likianza kuonekana. Ukihesabu vituo, wekeni saa tano hadi sita. Simameni Likasi kula kitu cha moto na kujisaidia, halafu Fungurume mara moja kunyoosha miguu. Kati ya hapo msisimame ovyo, hasa pale maroli yanapopanda mlima polepole, kwa sababu yanayotoka nyuma hayana nafasi ya kukwepa.

Risiti za peaje apewe mweka hazina. Msipige picha vizuizi, askari wala malango ya migodi, hata kama mandhari ni mazuri. Polisi akisimamisha gari, anayezungumza ni dereva na mtu mmoja tu. Wengine nyamazeni, na ngoma inyamaze.

Hatua ya 8: Uwanjani

Mechi huchezwa Stade Dominique Diur, katika komini (wilaya ya mji) ya Manika. Kolwezi ina komini mbili tu, Manika na Dilala, kwa hiyo kupotea ni vigumu. Mkitoka mlipolala, acheni jezi ndani ya makoti mpaka mfike kwa wenzenu. Hakuna uadui mkubwa, ila mtu mmoja mwenye pombe anatosha kuharibu siku.

Fikeni saa mbili kabla. Tiketi nunueni dirishani au kwa mtu wa kamati mnayemjua, kamwe si kwa kijana anayewakimbilia kwenye gari. Ulizeni mashabiki wa wageni wanakaa upande gani, halafu mnunue tiketi ya upande huo. Tribini (jukwaa lenye paa) ina kivuli lakini mara nyingi mtakuwa mmezungukwa na wenyeji, na Lupopo ikifunga utalazimika kufurahi kwa adabu. Mimi nachagua jua na uhuru wa kupiga kelele.

Langoni msiende kundi zima kwa wakati mmoja. Nendeni wawili wawili, simu mfuko wa mbele, tiketi mkononi, na kinamama na watoto wakiwa katikati. Kabla ya kuingia, chagueni mahali pa kukutana baada ya mechi: gari lenyewe, na dereva alitazamishe mahali pa kutokea tangu mwanzo. Msikutane "langoni", kwa sababu wakati wa kutoka langoni hakusimamiki.

Kipenga cha mwisho kikipigwa, kaeni mlipo. Mkishinda kaeni zaidi. Dakika ishirini za kungoja hupunguza msukumano wote, na wachezaji wakija kuwapungia mtakuwa mpo.

Hatua ya 9: Kurudi

Jioni hiyo dereva ale kwanza na alale kwanza. Sherehe ziendelee mbali na chumba chake. Mtu aliyepewa kiti cha mbele kushoto naye alale. Wekeni saa ya kuondoka ambayo mweka hazina ndiye anaisimamia, na ahesabu watu kwa majina. Tusiseme "tumetimia" kwa macho tu.

Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, tazameni tena tairi zote nne. Simameni tena Likasi. Mkifika Lubumbashi mlipeni dereva nusu iliyobaki mbele ya wote, kila mtu ashukie mahali penye taa, na wa mbali kabisa apigiwe simu mpaka aseme yuko ndani ya nyumba.

Hesabu zitoke kwenye kundi kabla ya Jumatano: kilichoingia, kilichotoka, picha za risiti. Akiba isiyotumika irudishwe kwa kila mtu kwa simu, au wote wakubali kwa maandishi iwe mchango wa mwanzo wa mechi ijayo ya ugenini. Mwenye deni alipe hapo hapo, maana Lupopo ikirudi kucheza nyumbani komini ya Kenya, Lubumbashi, pale uwanja wa Kibasa Maliba, hakuna atakayekumbuka tena alidaiwa nini.