Somo: Kuisoma swichi ya INO1 kwenye hamira, hatua kwa hatua

Kila mwaka nikifika mada hii huuliza darasa langu la jioni hapa Majengo: seli ya hamira ikipewa inositoli, kijenzi kidogo cha utando kinachofanana na sukari, ni nani anayeiambia jeni INO1 inyamaze? Wote hujibu, inositoli yenyewe. Siwalaumu, mimi mwenyewe niliwahi kuliandika hivyo ubaoni nikafuta kwa aibu. Tuchore basi. Karatasi na penseli vinatosha.

Hatua ya 1. Katikati ya karatasi andika "asidi ya fosfatidi". Ni mafuta yaliyomo kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa vifuko ndani ya seli, na fosfolipidi za hamira, yaani mafuta yanayojenga utando, zinaanzia hapo. Chora mshale kwenda CDP-diasilgliseroli, kisha uugawe. Tawi moja linapokea inositoli na kuwa fosfatidilinositoli, kazi ya kimeng'enya Pis1. Tawi la pili linapokea serini, na safari yake inaishia kwenye fosfatidilikolini. Inositoli nayo, seli huivuta kutoka nje, au hujitengenezea kutokana na glukosi-6-fosfati. Kimeng'enya cha hatua ya kwanza ya utengenezaji huo ndicho kinachotoka kwenye INO1.

Hatua ya 2. Mbele ya INO1 chora kisanduku cha herufi kumi za DNA: CATGTGAAAT. Jina lake UASINO. Jeni nyingine kadhaa za fosfolipidi zinacho pia, ndiyo maana huwaka na kuzima pamoja. Protini Ino2 na Ino4 hushikana kwanza, ndipo zikae juu yake na kuiwasha jeni. Moja ikikosekana, giza.

Hatua ya 3. Sasa protini Opi1, mzimaji. Polepole hapa. Pasipo na inositoli, Opi1 hufungwa nje ya kiini, kwenye utando ule wa hatua ya 1, kwa kamba mbili, kama jahazi lililofungwa Bandari ya Kale. Kamba ya kwanza ni protini Scs2. Ya pili ni ile asidi ya fosfatidi uliyoiandika katikati ya karatasi.

Hatua ya 4. Mimina inositoli. Mikromola 75 ni kipimo cha kawaida maabara, yaani kama miligramu 13.5 kwa lita. Pis1 imepata ilichokuwa ikikingojea: CDP-diasilgliseroli inaliwa kwa kasi, na asidi ya fosfatidi inavutwa nyuma yake hadi inapungua. Kamba ya pili imelegea. Opi1 inaingia kwenye kiini, inaikamata Ino2, na INO1 inazimika. Tazama mchoro wako tena: inositoli haikuigusa Opi1 popote. Seli inapima malighafi iliyobaki ghalani, haipimi mgeni aliyebisha hodi. Christopher Loewen na wenzake walilichapisha jambo hili mwaka 2004.

Hatua ya 5, kwa wenye maabara. Hamira isiyo na Opi1 hutengeneza inositoli bila breki mpaka inaitoa nje. Ioteshe kwenye agari, jeli ya kuoteshea, isiyo na inositoli, kisha pembeni yake chora mstari wa hamira iliyoharibika jeni mbili, INO1 na ADE1. Hii ya pili haiwezi kujilisha inositoli, lakini ikiwa karibu na jirani mkarimu hukua, tena kwa rangi nyekundu kwa sababu ADE1 yake imeharibika. Wekundu huo ndio jibu lako: jirani ametoa inositoli.

MASWALI YA WANACHAMA

Assalam aleikum maalim. Ukiharibu Ino2 na Opi1 kwa pamoja, itakuwaje?

Waaleikum salaam. Hamira itadai inositoli kama yatima. Mzimaji hayupo, sawa, lakini mwashaji naye hayupo. Swali hili hupenda kutoka kwenye mtihani.

Na Scs2 ikifutwa, kamba moja inatosha?

Haitoshi vizuri, hasa joto likipanda. Opi1 inaponyoka na hamira inashindwa kukua pasipo inositoli. Ifute na Opi1, inakua tena. Hapo unajua kosa lilikuwa kwa nani.

Kolini, ile ya kwenye fosfatidilikolini, nayo inaizima INO1?

Peke yake, kidogo sana. Ikija pamoja na inositoli, INO1 inazama zaidi kuliko kwa inositoli pekee.

Maalim usicheke. Hamira ninayotia kwenye unga wa mahamri ndiyo hii hii?

Sicheki, dadangu. Ni spishi ile ile, Saccharomyces cerevisiae. Ila usifanyie jaribio kwenye unga: ngano ina inositoli yake, nyingi imefungwa ndani ya fitati, ghala la fosforasi la nafaka, na hutajua hamira imepata kiasi gani. Maabara hutumia chakula kilichopimwa kila kitu. Mahamri yaache yaumuke.

Kakangu anatumia valprowati ya kifafa, nimesikia ina uhusiano na mada hii?

Upo, kwenye hamira. Valprowati huifanya inositoli ndani ya seli ipungue, na INO1 ikaitikia kwa kuwaka zaidi. Rudi hatua ya 4 uisome kinyumenyume, utaona kwa nini. Kuhusu dozi ya kakako, hilo ni la daktari wake, si langu.