Soketi inayopata moto: usiisubiri breka

Nafungua soketi karibu kila siku, na iliyonitisha kuliko zote ilikuwa ya pasi moja tu. Tundu la laivu, yaani la waya unaoleta umeme, lilikuwa na duara la kahawia. Nilipogeuza soketi, skrubu ilizunguka karibu mzunguko mzima kabla ya kukaza. Shaba ilikuwa nyeusi, na plastiki ya waya ilikatika mkononi kama ganda la yai.

Waya ukilegea, umeme hupita kwenye vijisehemu vichache vinavyogusana, na hapo ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kupita, hupanda. Chukua birika la wati 2,200 kwenye volti 230: linavuta ampea 9.6 hivi. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.5 kitatoa joto la wati zaidi ya 40, sawa na kifaa cha kulehemea cha fundi redio, na joto hilo lote limefungiwa ndani ya ukuta. Chuma hutanuka, kikipoa husinyaa, skrubu inazidi kulegea, shaba inazidi kuungua. Breka, ile swichi inayojizima umeme ukizidi, haishtuki, kwa sababu kwake ampea 9.6 ni kawaida.

Mzigo ukizidi ni balaa jingine, maana ampea zikiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Birika na pasi kwenye ekstensheni moja ya ampea 13, tena imeviringishwa? Hapana jamani, hilo sikubali.

Basi fanya hivi. Tumia kifaa kwa nusu saa, kizime, chomoa, kisha gusa plagi na uso wa soketi kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu si tatizo. Ukilazimika kuondoa mkono, au ukisikia mlio wa cheche au harufu kama ya samaki, acha kuitumia.

Kabla ya kufungua, jaribu testa kwanza mahali penye umeme ili ujue ni nzima, zima meini swichi, kisha pima soketi uhakikishe haina umeme. Kama hujawahi kazi hii, ita fundi. Kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa, sokota nyuzi, zikunje kama tundu ni pana, kaza, halafu vuta kila waya kwa nguvu. Wengi huruka hatua hiyo ya kuvuta, na ndiyo inayoonyesha waya ulioshikwa kwa nyuzi mbili tatu tu.

Soketi iliyoungua usiikaze, itupe. Vibanio vyake vya ndani vimeshalegea. Ile ya pasi niliibadilisha pamoja na plagi, kwa kuwa plagi iliyoungua huichoma hata soketi mpya.